Kwa nini hataki kwenda kituoni? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu wanaolala nje Unguja Mjini

Kwa miaka kadhaa sasa mimi na wenzangu wawili watatu tunatoka alfajiri na birika la chai ya tangawizi na kapu la mikate, tunaanzia Malindi tunaishia Darajani. Kila tukiieleza kazi hii, swali la kwanza ni lile lile: "Si apelekwe kituoni?" Tukijibu kwamba alipelekwa akarudi, au aliombwa akakataa, watu huguna: kumbe kapenda mwenyewe. Mimi sijamkuta aliyependa. Majibu haya nimeyaandika kwa anayetaka kuelewa kabla ya kuhukumu, na zaidi kwa anayetaka kutoa.

Nitamjuaje asiye na pa kulala?

Kulala nje peke yake si dalili. Mvuvi aliyepiga dago analala ufukweni wiki nzima na nyumba yake ipo, mkewe anamsubiri. Msimu wa kaskazi joto likizidi, kijana wa Michenzani anatoa mkeka anatafuta upepo. Asiye na pa kulala utamjua kukipambazuka. Wenzake wakikunja mikeka kurudi kwao, yeye anakunja boksi, analisukumiza nyuma ya ukuta, kisha anaanza kutembea, na hakuna mlango wa kupiga hodi.

Wengi zaidi huwaoni kabisa. Yumo aliyekuwa na chumba cha kukodi, mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Yumo anayelala leo kwa shangazi, keshokutwa kwa rafiki, siku ya tatu dukani kwa mtu kama mlinzi asiyelipwa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na wasio na makaazi walihesabiwa pale pale walipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Aliyelala kwa shangazi usiku ule na kesho yake akaonyeshwa mlango, kwenye karatasi ana nyumba.

Hivyo vituo vinavyosemwa ni vipi hasa?

Neno "kituo" tunalitumia kwa mambo mengi. Kuna makaazi ya wazee Sebleni na Welezo, na Limbani kwa upande wa Pemba. Kuna nyumba ya watoto Mazizini. Kuna nyumba salama kwa waliofanyiwa ukatili. Kuna soba hausi za waliokuwa wakitumia unga, yaani dawa za kulevya. Kuna hospitali ya Kidongo Chekundu kwa wenye maradhi ya akili. Na masika yakija vibaya, kuna madarasa ya skuli.

Tazama vizuri orodha hiyo. Ili uingie kila mlango lazima kwanza uitwe jina: mzee, yatima, mhanga, teja, mgonjwa. Mtu wa miaka 45, mzima wa mwili na akili, aliyekosa kodi tu, hana mlango wenye jina lake. Tukimwambia "nenda kituoni" tunamwambia achague ugonjwa. Wako waliokataa kwa sababu hiyo hiyo tu, na mimi siwalaumu.

Basi kwa nini anakataa hata pale nafasi inapopatikana?

Hapa ndipo penye maneno, naomba uvumilivu.

Mchukuzi mmoja wa Malindi, mtu wa miaka hamsini na kitu, tulimtafutia kitanda mahali fulani nje ya mji. Pasafi, chakula mara tatu, godoro zuri. Alikaa siku mbili. Ya tatu tukamkuta pale pale kwenye ukuta wake. Nilikasirika, nakiri, nikamuuliza kwa ukali. Akanijibu kwa upole: "Mwanangu, geti linafungwa magharibi." Jahazi haliangalii saa, linaangalia maji. Maji yakijaa saa nane za usiku, mzigo unashushwa saa nane za usiku, na anayeitwa ni aliye karibu. Aliyelala nje ya mji amekosa siku ile, na kesho yake nafasi yake imeshashikwa na mwengine. Mimi niliona mtu aliyekimbia kitanda. Yeye alikuwa amerudi kazini.

Tangu siku ile nimeacha kuuliza "kwa nini hutaki?" Nauliza "ukienda utapoteza nini?" Majibu hubadilika kabisa.

Anapoteza polo lake, gunia la vitu vyake. Nimewahi kuonyeshwa kilichomo ndani ya polo moja, kwa ridhaa ya mwenyewe: kikoi, sufuria isiyo na mkono, msahafu uliofungwa kwa kitambaa cheupe, redio, na ndani ya nailoni iliyokunjwa mara nne kadi za hospitali na cheti cha kuzaliwa kilichoanza kufutika kwenye mikunjo. Ukimwambia aliache polo hilo getini, umemwambia aache nyumba. Na wizi ndani ya vituo upo, kila aliyewahi kulala chumba cha watu wengi anajua hivyo.

Anapoteza mwenzake. Wanaolala nje hulala wawili wawili, mmoja akifumba macho mwengine yuko macho. Kituo kinachukua mmoja kinamwacha wa pili, ama kwa sababu ni mwanamke, ama kwa sababu umri haukufika. Anayekubali kwenda anajua amemwacha nani peke yake gizani.

Anapoteza uhuru wa kuondoka. Aliyewahi kufungiwa mahala, iwe jela, iwe nyumba ya mganga, iwe kwa mume, akisikia komeo linavutwa kwa nje moyo unaruka. Huwezi kumwambia "hapa ni salama" akakuamini siku hiyo hiyo. Na wako wanaoogopa gari lenyewe, kwa sababu mara ya mwisho walipopandishwa gari usiku walikuwa wanakusanywa kama wazururaji.

Halafu liko lile ambalo kwetu ni kubwa kuliko yote: stara. Mtu anayelala barazani bado ana stara fulani aliyojitengenezea. Watu wanampita wanamdhania mlinzi, au msafiri aliyekosa boti. Anajua msikiti gani unafunguliwa mapema, anaoga, anatawadha, anaswali safu moja na watu, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Akiingia kituoni anaandikwa jina, anaulizwa mbele ya watu mke yuko wapi, anaoga kwa foleni. Kitanda kapata, stara kavuliwa. Kuna watu wanaona bei hiyo ni kubwa mno, na mimi nadhani wanayo haki ya kuona hivyo.

Kumpiga picha nikimpa msaada kuna ubaya gani? Wafadhili wanataka kuona.

Upo ubaya. Pemba ni ndogo, Unguja ni ndogo, na picha inatembea. Mtu ambaye mama yake anaamini yuko Dar es Salaam anafanya biashara, ataonekana Wete na mfuko wa unga wa ngano mikononi kabla ya adhuhuri. Wako waliohama sehemu waliyoizoea kwa sababu ya picha moja tu, tukakaa wiki nzima hatujui wamekwenda wapi. Mfadhili anayetaka ushahidi mpe risiti ya duka la mikate.

Wanaotumia unga je? Wao si wanakataa kwa sababu ya unga?

Kwa sehemu, ndiyo, lakini sababu ina maelezo yake. Arosto haisubiri. Aliyezoea unga akikosa kwa saa kadhaa anaanza kutokwa jasho, kuhara, kutapika, mifupa inamuuma kama inakatwa. Soba hausi nyingi zinataka uache moja kwa moja tangu siku ya kwanza, na nyingi zinataka ada ya mwezi ambayo kwa kawaida hulipwa na familia. Ambaye familia imeshachoka naye, huyo ada hana na arosto anayo.

Tangu 2015 kuna kliniki ya methadoni Kidongo Chekundu. Ni dawa ya kunywa, inayozuia arosto, na mgonjwa anainywa kila siku mbele ya mhudumu. Neno la kushika hapo ni "kila siku". Mtu aliyeanza methadoni akipelekwa kulala mbali, asiwe na nauli ya daladala asubuhi, amekatiwa dawa. Kwa hiyo akikuambia "siwezi kukaa kule, nina dawa," usimjibu kwamba anatafuta visingizio. Anakueleza ramani ya maisha yake.

Jambo jengine: jina la Kidongo Chekundu watu wamelifanya tusi. Mtoto akicheza vibaya anaambiwa atapelekwa huko. Anayehitaji tiba ya akili au methadoni analibeba tusi hilo mpaka mlangoni, na wengine wanaishia nusu ya njia.

Mbona wanawake hatuwaoni nje?

Kwa sababu mwanamke anayeonekana amelala nje amekwisha. Anajificha, na kujificha kwake kunamgharimu. Anakaa kwa jamaa akifua, akipika, akilea watoto wa watu, mpaka mwenye nyumba achoke au mume wa mwenye nyumba aanze kumgongea mlango. Anakaa hospitalini akijifanya anamuuguza mtu. Anakwenda kwenye shughuli, harusi au arubaini, kwa sababu pale kuna chakula na usiku watu wanalala kwa wingi sebuleni, hakuna atakayemuuliza. Dada mmoja alinihesabia shughuli kumi na moja kwa mwezi mmoja. Alikuwa anazijua tarehe kuliko wenyewe.

Wengi wametokea kwenye talaka. Talaka rejea haimtoi mwanamke nyumbani siku ile ile. Ndani ya eda ana haki ya makaazi na matumizi. Lakini anayeambiwa saa tano za usiku "toka" hana kitabu mkononi. Wasaidizi wa sheria wako kwenye shehia nyingi, na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar na jumuiya ya wanasheria wanawake, ZAFELA, wanazijua kesi hizi vyema. Kama kuna kupigwa au kubakwa, kuna vituo vya Mkono kwa Mkono hospitalini, ambako daktari, polisi na mshauri wanapatikana pahala pamoja asizungushwe.

Na kwa nini naye anakataa nyumba salama? Muulize ana watoto wangapi na wa umri gani. Kijana wa kiume wa miaka kumi na nne huwa hapokelewi kwa urahisi kwenye nyumba ya wanawake. Mama hatamwacha mwanawe Darajani ili yeye alale kwenye shuka safi. Muulize pia kama mume ana jamaa anayefanya kazi karibu na nyumba hiyo. Kwenye kisiwa siri ya anwani haidumu, na yeye anayajua hayo kabla yako.

Mahitaji yake ya karibu ni pedi, choo chenye komeo la ndani, na pa kuoga. Mwanamume ana msikiti. Mwanamke aliye nje hana pahala kama hapo, na hili linaniumiza kila ninapolifikiri, kwa sababu si jambo la mamilioni.

Watoto?

Mtoto ni jambo la kisheria, halina mazungumzo ya kungoja aridhie. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ni ya 2011, simu ya watoto ni 116 na haina malipo, na ofisi ya ustawi wa jamii ipo kwenye wilaya. Ila usimkamate kwa nguvu kumrejesha nyumbani bila kujua alichokikimbia. Msikilize kwanza, akiwa ameshiba.

Mzee si ana pensheni ya serikali?

Pensheni Jamii ilianza Aprili 2016 kwa kila aliyefika miaka 70, awali shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi 50,000. Ni jambo jema sana. Lakini hulipwa aliyesajiliwa, na kusajiliwa kunapita kwa sheha, kiongozi wa shehia, na sheha anamtambua mkaazi wake. Anayelala Forodhani ni mkaazi wa shehia ipi? Alikotoka wameshamsahau, alipo hajaandikwa. Kitambulisho kimepotea na mvua ya mwaka juzi. Mara nyingi msaada mkubwa kwa mzee wa namna hii ni mtu wa kufuatana naye, asubuhi tatu nne, kutoka ofisi hadi ofisi, akimsemea. Hilo halihitaji mfadhili, linahitaji mtu mwenye subira na nauli.

Lakini sisi ni watu wa ukoo. Hana kwao?

Anako. Ndiyo maana hawezi kwenda.

Watu hawaelewi hili mpaka walione. Pemba ni nadra kumkuta mtu amelala barazani Chake Chake, kwa sababu kabla giza halijaingia kuna atakayemtambua: wewe si mtoto wa fulani? Huyo mwenye fedheha yake, aliyekula fedha za karafuu za kaka yake, au aliyetoka jela, au aliyeolewa bila ridhaa, anapanda meli Mkoani akashukia Malindi. Amekuja Unguja kutafuta mahali pa kutojulikana. Kituo cha kwanza anakoulizwa "kwenu wapi, baba yako nani, tukupigie nani simu?" kimegusa kidonda kile kile alichokikimbia. Hapo anaaga kwa adabu, na hutamwona tena.

Usipige simu kwao bila ya ruhusa yake. Muulize kama yuko mmoja, mmoja tu, ambaye hana ugomvi naye. Aghlabu yuko: dada, mjomba, mwalimu wa chuoni.

Nchi tajiri wamefanya nini?

Nao wanakataliwa. New York tangu 1981 jiji linabanwa na makubaliano ya mahakama kumpa hifadhi anayeomba, na bado wako wanaolala kwenye treni za chini ya ardhi, wakitaja wizi, vurugu na kutenganishwa na wenzao. Hesabu ya Marekani ya usiku mmoja wa Januari 2024 ilipata watu 771,480 wasio na makaazi, na zaidi ya 270,000 kati yao walikuwa nje kabisa. Finland walichukua njia nyengine tangu 2008: waligeuza nyumba za kulala watu wengi kuwa vyumba vya mtu mmoja mmoja, na mtu anapewa ufunguo na mkataba wa kupanga kwanza, mambo ya ulevi na kazi yanafuata baadaye. Waliokataa kitanda kwenye ukumbi wa watu wengi, wengi wao walikubali ufunguo.

Sisi tuna kitu cha karibu na hicho tangu zamani. Nyumba za wakfu Mji Mkongwe, nyingi ziliwekwa na wenyewe kwa ajili ya maskini wakae bure au kwa kodi ndogo: mtu ana chumba chake, anafunga mlango wake. Nyengine zimechakaa vibaya, na tuliona jumba la kale la Beit al-Ajaib lilivyoporomoka Disemba 2020 likaua watu, kwa hiyo simwambii mtu aingie jengo lililopasuka. Nasema tu kwamba mwenye uwezo wa kuweka wakfu leo, akifikiria vyumba sita vyenye komeo badala ya ukumbi wa vitanda arubaini, atakuwa amefuata desturi ya hapa hapa.

Nimpe nini basi?

Salamu kwanza, na iwe salamu ya umri wake. Mzee aliye barazani hapati shikamoo kwa miezi. Vijana wanamwita "wee". Mshikie moo, mwite mzee wangu, uone anavyokaa vizuri. Baada ya hapo muulize anachohitaji, kwani mara nyingi si chakula. Viatu. Dawa ya fangasi wa miguu. Mahali pa kuchaji simu. Mtu wa kumwekea vyeti vyake dukani ndani ya bahasha, hili ni kubwa kuliko unavyodhani. Mwezi wa Ramadhani kumbuka mgonjwa na asiye Muislamu: kula hadharani mchana kunaweza kumtia matatani, na yeye hana chumba cha kujificha ale. Mpe pahala, nyuma ya duka, dakika kumi. Na kumi la mwisho, misikiti ikiwa wazi usiku kucha, usimfukuze aliyesinzia pembeni mwa safu. Huenda ndio usiku pekee wa mwaka aliolala na paa.

Mvua inamwagika sasa hivi na hataki kuondoka. Nifanye nini?

Usimvute. Mpe nailoni kubwa ya kufunika polo lake kabla yake mwenyewe, utaona jinsi anavyolegea. Mwonyeshe pakavu palipo karibu, pa hatua chache, si mtaa wa pili. Mwambie ukweli: nani yupo pale, anaondoka saa ngapi, anaweza kurudi au hapana. Usiahidi cha kesho. Kama anatetemeka, hajibu maswali au maneno hayaeleweki, hapo si hiari tena, ni hospitali. Na akikataa bila ya hayo yote, rudi baada ya saa moja na chai. Wengi hukubali mara ya tatu au ya nne, akishaona kwamba anayemwita ni yule yule.

Waliotolewa majumbani na mafuriko, mabonde ya Mwanakwerekwe na Sebleni, nao hukataa madarasa ya skuli kwa sababu wanazozijua: mali iliyobaki ndani, vyoo vichache, na hofu ya kipindupindu kwa waliokumbuka 2015 na 2016. Mlinzi wa pamoja mtaani huwaondoa majini haraka kuliko tangazo la kipaza sauti.

Akifia nje, nani atamzika?

Swali hili wanaliuliza wao. Si la wasomaji, lakini nimeliweka kwa sababu nimelisikia mara nyingi kuliko swali la kitanda. Maziko ni fardhi kifaya, na watu wa msikiti jirani hawamwachi maiti. Nimeona sanda ikichangwa kwa dakika ishirini. Wanachokiogopa ni kuzikwa bila ya jina, na mama asijue.

Kwa hiyo tuna daftari. Halina picha, halina maswali ya baba yako nani. Anayetaka anatuandikisha jina lake kamili na namba ya mtu mmoja wa kupigiwa, siku akifariki tu, si kabla. Yule mchukuzi wa Malindi alikaa mwaka mzima hajataka kuandika. Mwezi wa Shaabani uliopita alinyoosha mkono akaliomba mwenyewe, akaandika kwa herufi kubwa, akasoma tena kuhakikisha namba. Kisha akaniuliza kama chai imebaki.